Chupa Iliyopungua Uzito

Mdogo wangu wa kiume alifanya kazi katika maabara ya shule kwa miaka thelathini na moja bila kufundisha hata kipindi kimoja. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kupanga chupa za dawa, na kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayetoka mle na vidole pungufu ya vile alivyoingia navyo. Wanafunzi walimwita Bwana Gesi, kwa sababu kila kipindi kilipoisha alizunguka meza moja baada ya nyingine akiuliza, "Umefunga gesi?" Aliuliza hivyo hata mwaka ule ambao shule haikuwa na gesi kabisa. Nyumbani kwake ukitoka jikoni, hata kama ulikuwa unapikia mkaa, alikuuliza vilevile.

Mgongo uliombeba ni huu wangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Alikuwa mtoto wa maswali. Mvua ikinyesha siku nzima, watoto wenzake wanacheza matopeni, yeye anataka kujua kwa nini maji ya juu hayaishi. Nilimjibu ale kwanza. Sikuwa na jibu, na ubwabwa ulikuwa unapoa. Basi akaenda kulitafuta mwenyewe, akalipata humo maabara, katika vitabu ambavyo walimu wa sayansi waliviacha mezani. Walimu hao walikuja na kuondoka kama wageni wa harusi. Yeye ndiye aliyebaki kuosha vyombo.

Kisha akaja mwalimu mkuu mpya, mama mmoja mwenye haraka, ambaye hata salamu alizipokea akiwa ameshakupita. Aliitazama maabara, akaona darubini mbili, moja haina kioo, na madirisha yaliyozibwa kwa maboksi. Akasema chumba kile kinafaa kuwa stoo ya sare za shule. Bwana Gesi angehamishiwa getini, aandike majina ya wageni kitabuni.

"Ni kazi nzuri tu, mzee wangu," alimwambia. "Ina kivuli."

Siku hiyo mdogo wangu alirudi nyumbani akakataa chakula. Hapo ndipo nilipojua jambo ni zito, maana siku tuliyomzika baba yetu yeye alikula mara mbili.

Alimwomba mwalimu mkuu mpaka yule mama akachoka. Wakakubaliana hivi: baada ya miezi mitatu kungekuwa na siku ya wazazi, na mkaguzi wa elimu angekuja. Bwana Gesi akiweza kuonyesha kitu kimoja ambacho mtoto hawezi kukipata kwa kutazama picha ya kitabuni, maabara itabaki. Akishindwa, akachukue kiti chake cha getini.

Akaja na chupa. Ilikuwa ile chupa kubwa ya kioo, yenye mdomo mpana, ambayo wenye maduka huwekea peremende. Chini alitandika kokoto, juu yake mkaa uliopondwa, halafu udongo mweusi, mimea miwili ya kangaga, kuvumwani ile ya kijani inayoota kwenye mawe yenye unyevu, nyungunyungu watatu na konokono mmoja. Akamwagia maji, akafunga kifuniko, akakizungushia nta ya mshumaa. Akatuambia mimi na mkewe kwamba hiyo ndiyo dunia, na kwamba haitafunguliwa tena hadi mkaguzi aione. Vilivyomo vitaishi bila kupewa kitu na mtu yeyote, isipokuwa mwanga.

Wifi yangu akauliza konokono atakula nini sikukuu.

Chupa ya kwanza aliiweka dirishani. Siku ya nne ilikuwa supu. Bwana Gesi hakusikitika sana, akasema hilo nalo ni somo, ndivyo alivyo Zuhura, sayari jirani yetu, yuko karibu mno na jua na tena amejifunika blanketi zito la hewa. Chupa ya pili akaificha nyuma ya kabati, ikaoza taratibu kwa giza na baridi. Ya tatu akaizungusha sebuleni kama mtu anayetafutia mgonjwa kitanda, akipima kwa nyayo zake, mpaka akaikuta sehemu yake: nyayo tano kutoka dirishani, juu ya meza ya redio. Redio ikahamia sakafuni. Kuanzia hapo zilibaki wiki kumi.

Na kweli ile chupa ilishika. Jua likipanda, joto liliyainua maji kutoka udongoni na majanini, yakawa ukungu juu ya kioo, yakakusanyika matone, yakateremka tena. Jani lilipokea pumzi chafu ya konokono likamrudishia hewa safi. Nyungunyungu walikula majani yaliyokufa wakatoa chakula cha udongo, udongo ukalilisha jani. Mdogo wangu alitueleza haya kila chakula cha mchana, kijiko kikiwa hewani. Alisema kifuniko cha dunia ni hewa, na kinachokishika kisiondoke ni uzito wa dunia yenyewe. Ingekuwa nyepesi kama mwezi, hewa yote ingeshatoroka.

Kuonyesha kwamba hakuna kinachoingia wala kutoka, kila Jumapili aliipeleka chupa kwa muuza nyama, akaipima, akaandika uzito kwenye karatasi. Jumapili ya kwanza, kilo nne na robo. Ya pili imepungua kidogo. Ya tatu kidogo tena. Ilipofika ya sita, pembeni mwa karatasi aliandika neno moja, "Mwizi?"

Akamwendea muuza nyama na kumwambia, mbele ya wateja, kwamba mizani yake ni mbovu. Muuza nyama aliweka kisu chini, akajifuta mikono polepole.

"Mzee, sikiliza," akasema. "Tangu uzaliwe umewahi kusikia mizani ya muuza nyama inapunguza?"

Wateja walicheka mpaka mmoja akasahau alichofuata. Lakini mdogo wangu alirudi nyumbani na ile hoja, kwa kuwa ilikuwa nzito. Mizani ikiwa na dhambi, dhambi yake ni ya kuzidisha. Kwa hiyo chupa ilikuwa inapungua kweli, na nta haikuwa na hata ufa. Kangaga moja ilikuwa imeanza kuinamisha shingo. Konokono alijifungia ndani ya gamba, akawa kama mpangaji anayekwepa mwenye nyumba.

Siku mbili kabla ya ukaguzi, mwalimu mkuu alimruhusu aondoke mapema, kwa sababu fundi seremala alikuwa amekuja kupima ukuta wa maabara kwa ajili ya rafu za sare. Rafu, na mkaguzi bado hajafika. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akamkuta mkewe ameingiza mkono ndani ya chupa hadi kiwiko, ameshika kitambaa, anaimba kwa sauti ya chini.

Nilikuwepo, ninachambua maharage. Kusema ukweli, nilimwona akifanya hivyo kila asubuhi na sikuuliza. Nilidhani ameagizwa.

"Unafanya nini?" akauliza Bwana Gesi.

"Ninafuta."

"Unafuta nini?"

"Si huu ukungu, mume wangu. Wageni wanaingia hapa, chupa inatoka jasho kama mbeba magunia."

Inabidi mumjue wifi yangu. Ni mwanamke anayeosha sabuni kabla ya kuisogelea nguo. Kila asubuhi mumewe alipokwisha kutoka, alikwangua nta kwa kisu, akafungua, akafuta kioo ndani mpaka kikang'aa, akakamua kitambaa nje uani, akafunga na kuyeyusha nta upya. Wifi yangu akilifanya jambo, hulifanya likafanana na lisilofanywa.

Mdogo wangu aliketi juu ya redio. Haikuwa imezimwa, ikaendelea kutangaza chini yake.

"Hiyo ndiyo mvua yao," akasema.

Wifi yangu akakitazama kitambaa. "Hii?"

"Hiyo."

"Yote?"

"Hawana nyingine."

Hapo nikaingilia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikasema atie maji, afunge, anyamaze. Siku mbili zinatosha jani kuinuka, na mkaguzi hatajua. Wifi yangu akaniunga mkono, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu aolewe. Mdogo wangu akatikisa kichwa.

"Dada, nikitia maji kimyakimya, nitakuwa nimewapelekea chungu cha maua," akasema. "Maua kwenye chungu wanayo hata ofisini kwa mwalimu mkuu."

Siku ya wazazi aliibeba chupa kifuani kama mtoto mwenye homa hadi maabara, kangaga zote zimeinama, karatasi ya vipimo mfukoni. Sisi wawili tukamfuata nyuma. Wifi yangu alikuwa amevaa nguo zake za kuhudhuria mahakamani, ingawa hajawahi kushtakiwa.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani aliyoisahau juu ya kichwa, ambayo aliitafuta mara tatu. Mdogo wangu akamweleza kila kitu: chupa ilifungwa, ilipaswa kuishi peke yake, ikafunguliwa, sasa inakufa. Akasoma vipimo vya Jumapili zote kumi. Tofauti ilikuwa robo tatu kilo.

"Kwa hiyo imeshindikana," akasema mwalimu mkuu, na sauti yake ilishaanza kuelekea kwenye sare.

Mkaguzi akauliza ni nani aliyefungua. Mdogo wangu akatazama viatu vyake. Chumba kizima, wazazi na wanafunzi, kikanyoosha shingo. Ndipo wifi yangu akasimama.

"Ni mimi, baba. Nilikuwa nafuta."

Akaulizwa alikuwa anafuta nini, na hapo akafunguka. Alisema ukungu wa siku za kwanza ulikuwa mzito, unajaza kitambaa. Baada ya wiki ukawa mwepesi. Aliona udongo umepauka juu, nyungunyungu wamezama chini wasionekane, majani yamelegea, kisha konokono hatoki tena. Alidhani kila kimoja kina ugonjwa wake. Hakujua kwamba wote wanaugua kitambaa.

"Nilichukua kijiko kimoja tu kwa siku," akasema. "Sikugusa jani. Sikumgusa konokono. Nilichukua kile kilichoonekana hakina kazi."

Watoto walianza kucheka, kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele akaacha, akanyoosha mkono. Akauliza: kama mama angefuta kwa mwaka mzima, nani angekufa kwanza? Mwingine akabisha kwamba ni jani. Wa tatu akasema jani likifa konokono atakosa hewa, kwa hiyo watakufa karibu siku moja. Wakashikana kwa hoja pale pale, wazazi nao wakaingia, na baba mmoja aliyekuja kuulizia kaptura ya mwanawe akatetea nyungunyungu kwa nguvu zote.

Mkaguzi aliwaacha wabishane. Akaipata miwani, akaivaa, akainama kwenye chupa kwa muda mrefu. Kisha akamwagiza mdogo wangu arudishe maji kwa kiasi kilekile kilichopungua kwenye karatasi, robo tatu kilo, yapimwe mbele ya watoto, na chupa ifungwe. Akasema atarudi muhula ujao kuitazama, na kwamba ataitazama humuhumu. Akamgeukia mwalimu mkuu.

"Mwalimu, sare haziozi. Ziweke ofisini kwako."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshauchukua ufunguo wa maabara tangu asubuhi na kuuingiza kwenye pete yake ya funguo, kati ya ule wa ofisi na ule wa choo cha walimu. Pete ilikuwa mpya na ngumu. Akajaribu kuipanua kwa kucha, ikagoma. Akajaribu kwa meno kidogo, akakumbuka wazazi wapo. Sote tukasubiri, mkaguzi akiwa na kalamu mkononi. Mdogo wangu alikuwa na koleo mfukoni mwa koti, kama siku zote, nami nililiona likichungulia. Hakulitoa. Alisimama tu na kiganja wazi, mpole kabisa, mpaka ufunguo ulipotoka.