Mluzi wa Baba na Kindege cha Migombani

Hata kuandika naona aibu, na hapa nimejibanza nyuma ya zizi ili mtu asinione, maana tangu Jumamosi mimi sina uso.

Ni hivi. Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe wake, hata huyo baba mkwe awe mzee wa kanisa kama baba yangu. Kwa hiyo baba akirudi jioni kutoka kwenye kakao lazima ajulishe kwamba anakuja, ili wifi yangu Sekela apate kujificha. Wazee wengine hukohoa, wa kwetu hupiga mluzi, na mluzi wenyewe ameuiga kwa kindege kimoja chekundu chenye mkia mrefu kuliko mwili, kinachoishi kwenye kijisitu cha makaburi (kile kinachobaki kisiwa mto ukifurika) na kuja migombani kwetu kudaka nzi wa ng'ombe.

Sasa mimi darasani mwalimu akiniuliza, hata jibu nikilijua, nasema sijui. Lakini mluzi naujua. Nikaanza kukiita kile kindege mchana nikitoka shule, nacho kinanijibu, nikaona na mimi nimepata wa kuongea naye. Kumbe kila nikipiga, wifi anatupa mwiko na kukimbilia nyuma ya choo! Alipogundua alicheka mpaka akakaa chini.

"Wifi, utaniua! Nilale kwenye matope kwa ajili ya kindege?"

Tangu hapo mluzi wa mchana ukawa wangu na wa kindege, wa jioni ndio wa baba, na wifi hakukimbia ovyo tena.

Jumamosi mchana nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kando ya njia, mara namwona baba huyoo, jua la utosi, na mchungaji pamoja na wanunuzi wawili wa kakao (hawa wapya wanaokuja na pikapu zao). Anabishana nao bei, mluzi kausahau kabisa. Ningekimbia. Ningeita tu, "Wifi, baba!" Lakini wageni wale wote wanitazame mimi? Nikaamua kumwonya wifi kwa mluzi, nikapiga.

Kutoka uani nikamsikia Sekela, "Haya, wifi na mume wake wa migombani hao!" na watoto wa jirani wakacheka. Kumbe alikuwa anawachekesha. Akatokea kwenye kona ya jiko amevaa kofia ya baba iliyoanikwa uani, ameshika mchi kama fimbo, tumbo mbele, anatembea kama baba mtupu: "Nani amekula ndizi zangu? Nasema, nani?"

Wakakutana uso kwa uso.

Mnunuzi mmoja, mgeni wa huku, akacheka, "Mzee, una binti mchekeshaji!" Baba aligeukia uzio akafunika macho kwa mkono. Wifi alianguka chini, akajifunika kanga kichwa kizima, na kofia ikabingirika mpaka miguuni kwa baba. Halafu kule migombani kindege kikanijibu, vizuri kabisa, kama kawaida yake.

"Nani amepiga mluzi?" baba akauliza, bado ametazama uzio.

Nikasema, "Sijui."

Jumapili wazee wakakaa, wakaamua wifi arudi kwao, ng'ambo ya mto Songwe, mpaka ukoo wake uje na ng'ombe kuyamaliza, na wote tunajua kwao hata mbuzi hawana. Kaka, mume wake, aliitwa kutoka Kasumulu kwenye biashara yake, akafunga tu mzigo kwenye baiskeli. Wifi hakunitaja kwa mtu. Aliponipita, kanga mpaka machoni, alisema, "Ndaga, wifi." Yaani asante. Asante ya nini?

Leo mchana kindege kimekuja kikapiga, na mama akainua kichwa haraka kutazama jikoni, halafu akakiinamisha tena kwenye mchele wake. Baba siku hizi anaingia nyumbani kimya, hana wa kumpisha.

Mluzi sipigi tena maisha yangu yote. Nikiona jambo nitapiga kelele, hata mbele ya wageni, hata sauti itoke kama ya mbuzi. Ila niliyepaswa kumpigia kelele hayupo, na kule aliko hanisikii.