Maumivu Aliyoyaficha Baba Yako Safarini

Siku moja inanirudia kila nikisikia habari za Australia, mwanangu Sabra. Na tangu wewe na mumeo mnambie kuwa mnahamia huko, inanirudia hata nikiwa sokoni hapa Walthamstow nachagua bamia. Juzi nilisimama mbele ya muuza mboga, ananiuliza nataka nini, mie simsikii. Nilikuwa niko kwenye njia ya vumbi, baba yako kajikunja juu ya usukani, na hapana mtu wa kumwita.

Nimejaribu kukwambia kwa simu. Wewe unanijibu kwa Kizungu chako cha hapa London kwamba mtakuwa salama, kwamba siku hizi kila mtu ana simu mfukoni. Ni kweli. Lakini ninalotaka kukwambia halihusu simu. Basi nakuandikia, ulisome kwa nafasi yako, na mumeo Idi umsomee, maana Kiswahili chake ni cha kuokoteza.

Sisi, kama ujuavyo, tulifika Uingereza baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mie nililetwa na ami yangu nikiwa bado msichana wa skuli. Baba yako alikuja na nduguze wakakaa Lewisham, na huko ndiko tulikooana. Watu waliotoka kwao kama tulivyotoka sisi walikuwa na mazoea yao. Hatukupaza sauti madirishani. Hatukumwambia jirani shida zetu. Mtu akiugua alikwenda kazini vivyo hivyo, akiogopa wasije wakasema hawa wageni ni mzigo. Baba yako aliyashika mazoea hayo kuliko sote. Namwona mpaka leo akivaa koti asubuhi, ana homa, macho mekundu, nami namwambia apumzike, naye ananijibu, "Sina kitu, Zuwena. Mafua tu."

Alikuwa fundi wa majokofu makubwa, yale ya kuhifadhia nyama, na mwishoni mwa miaka ya sabini akapata kazi Perth, magharibi ya Australia. Wewe hukuwa umezaliwa. Tulikwenda wawili, hatuna mtu wa kutupokea.

Sitaki kukutisha na nchi yenyewe, maana nchi ilitupenda kwa namna yake. Tulipanga nyumba ya paa la bati, nyuma ina mlimau. Nguo nilizozianika nilizikuta zimekauka kabla sijamaliza kufagia. Mie nilikuwa nikishona mapazia nyumbani kwa ajili ya duka moja, na mchana ulikuwa kimya hata nikawa nafungulia redio nisikie mtu anasema, ingawa simsikilizi. Jirani wa kulia alikuwa na mazoea ya kuniuliza natoka wapi, na kila nikimwambia Zanzibar alicheka kama aliyetajiwa nchi ya kwenye hadithi. Jioni nilikuwa nasimama mlangoni, baba yako akichelewa kidogo tu mwili unaniwaka. Nilijua kwamba likimpata jambo mtu yule, mie katika bara zima lile sina wa kumgongea mlango.

Lakini hofu hiyo sikumwambia. Naye zake hakunambia. Tukawa watu wawili wenye adabu sana.

Alichokipenda huko kilikuwa njia. Kila akipata mapumziko tulipakia gari tukaenda kutazama: mawe makubwa, misitu ya miti mirefu, fukwe zisizo na mtu. Yeye anaendesha, mie nimeshika ramani na chupa ya chai. Kuendesha sikujua. Lewisham tulikuwa tunapanda basi, na tulipofika Perth alinambia, "Nipo mimi, ya nini kujisumbua?" Nami niliona ni mapenzi hayo, nikaridhika.

Kazi yake ilikuwa ikimpeleka mara kwa mara kwenye mji mmoja mdogo wa bara, wenye kiwanda cha nyama. Huko alikutana na Wamalay, Waislamu kama sisi, waliohamia kutoka kisiwa kimoja cha mbali kuja kuchinja. Wakatualika sikukuu ya Idi. Nyumba tuliyofikia ilikuwa na bibi mmoja mzee sana, mfupi, mkavu, anatafuna karafuu. Watu wote wakimwita Nenek, yaani bibi, nasi tukamwita hivyo hivyo. Kizungu chake kilikuwa kidogo, Kimalay mie sikijui, lakini tulipokaa jikoni tukagundua jambo la kutufurahisha. Nikisema dunia, naye anasema dunia. Mie riziki, yeye rezeki. Mie msafiri, yeye musafir. Tulicheka mpaka machozi, tukawa tunatafutana maneno kama watoto wanaotafutana uvunguni. Ilikuwa Idi yangu ya kwanza huko ambayo sikulia.

Asubuhi ya pili baba yako akataka twende kutazama ziwa la chumvi, mbali kidogo nje ya mji. Wakati wa chai hakula. Nenek akamtazama, akamwuliza, "Sakit?" Akajigusa tumbo kuonyesha: unaumwa? Baba yako akacheka, akasema ni uchovu tu, na chakula cha sikukuu kilikuwa kingi. Na mie nikamwuliza mara moja tu, "U mzima?" Akasema, "Mzima." Nikabeba chupa ya chai tukaondoka.

Lami ikaisha, tukaingia njia ya kokoto. Tukapita shamba la mwisho, tukapita uzio, kisha ikawa ardhi tupu nyekundu na vichaka vya kijivu pande zote mbili. Niliona jasho kwenye shingo yake, nikadhani ni joto. Halafu niliona anashika usukani kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka tumboni. Kabla sijasema kitu akalisogeza gari pembeni, akalizima, akalala juu ya usukani.

"Hamdun," nikamwita. "Hamdun, una nini?"

"Ngoja," akasema. "Ngoja, litapoa."

Halikupoa. Alifungua mlango akatapika, na aliporudisha uso ulikuwa umebadilika rangi. Ndipo akanambia kwamba tumbo lilimwanza tangu juzi, tulipokuwa njiani kutoka Perth. Tangu juzi, mwanangu! Tumekula pamoja, tumesali, tumecheka na watu, na yeye ana maumivu hayo ndani.

Nilishuka garini nikatazama mbele, nikatazama nyuma. Hakuna vumbi la gari popote. Inzi tu, na jua. Nikatembea hatua chache kurudi tulikotoka, nikafikiri nikimbie mpaka lile shamba, kisha nikaona nikimwacha huenda nikamkuta amekufa, na nikibaki huenda akafa nami namtazama. Hofu ile sijaipata tena maishani. Ilinikausha mdomo hata nikashindwa kusoma dua ninayoijua tangu utotoni, chuo cha Kurani.

Mwisho nilirudi, nikamwambia, "Sogea. Nielekeze."

Alinitazama kama hakunisikia. "Hujui kuendesha."

"Ndiyo maana nakwambia unielekeze. Sogea!"

Kiti cha mbele cha gari lile kilikuwa kirefu, kimeungana, basi akajiburura mpaka upande wa pili huku anauma meno. Mie nikakaa mahali pake. Akanionyesha klachi, akanionyesha breki. Nikawasha, nikaachia mguu, gari likaruka likazimika. Nikawasha tena, likazimika. Mara zote hizo linapotikisika yeye anatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na mie nalia nasema, "Nisamehe, nisamehe."

"Pole pole," akanambia. "Achia mguu pole pole, Zuwena. Usiogope."

Yeye ndiye aliyekuwa anakufa, ananambia mie nisiogope.

Likaenda. Nikalizungusha kwa kupanda vichakani, maana kurudi nyuma sikuweza hata kujaribu, tukaelekea tulikotoka. Gia ilikuwa ile moja, ya kwanza. Injini inalia kama inataka kupasuka, na gari linatambaa. Alijaribu kunifundisha nitie gia ya pili, lakini nikakataa, niliogopa likizimika halitawaka tena. Kila alipofumba macho nilimwita. Nilimwuliza majina ya mitaa ya Mjini, kwetu Zanzibar, nikamwuliza duka la babake lilikuwa linatazama wapi. Mwanzo alijibu. Kisha akawa anajibu ovyo. Kisha hakujibu, na mie nikaendelea kuuliza na kujijibu mwenyewe.

Tulipoukaribia ule uzio nikaona gari linakuja mbele yetu, pikapu ya wakulima, ndani yake mzee na mkewe. Sikujua honi iko wapi. Nikasimamisha gari katikati ya njia wasiweze kupita. Mzee akashuka kwa hasira, akasogea dirishani, akamwona baba yako. Hakuuliza tunatoka wapi. Alimgeukia mkewe akampigia kelele, na yule mama akaja mbio, akanambia, "Nenda nyuma na mumeo, mpenzi wangu, mshike kichwa." Akashika usukani wa gari letu, akatupeleka mjini kwa mwendo ambao sijauona tena, mumewe nyuma yetu na pikapu.

Kilikuwa ni kidole tumbo, kimeshapasuka. Daktari wa pale, baada ya kumpasua, alinambia waziwazi kwamba tungechelewa zaidi asingekuwa na la kufanya. Alinambia amesimama, kofia yake ya operesheni bado kichwani, na mie nikakaa chini sakafuni mbele za watu.

Siku iliyofuata mchana Nenek alikuja hospitali na uji wa mchele ndani ya chombo kilichofungwa kitambaa. Baba yako ameamka, dhaifu, lakini anajua anachosema. Akamweleza bibi kwa Kizungu chepesi kwamba yeye hakutaka kuharibu sikukuu ya watu. Kwamba alivumilia. Akatafuta neno ambalo bibi atalielewa, akasema, "Sabar, Nenek. Ilikuwa sabar."

Nenek akaweka chombo chini. Akamwelekezea kidole.

"Bukan sabar," akasema. Si subira. Kisha akasema neno jingine ambalo halikuhitaji mkalimani: "Takabur."

 Nilikuwa sijawahi kuona mtu akimkemea baba yako. Kiburi! Yeye aliyekuwa anajiona mnyenyekevu wa wanyenyekevu. Lakini bibi hakumwacha. Kwa vipande vya Kizungu na mikono akamwambia kwamba mtu anayeficha maumivu yake kwa mkewe amejifanya hahitaji mtu, na asiyehitaji mtu ni Mungu peke yake.

Mie nikaona raha kidogo, nakwambia kweli, kwa kuona amepata wa kumkemea. Basi akanigeukia mie.

"Na wewe," akasema. "Uliuliza mara moja. Kwa nini moja?" Halafu akaiga mtu anayeshika usukani, akatikisa kichwa. "Dunia nzima mmevuka wawili. Dereva mmoja."

Akakaa kwenye kiti, akafungua kitambaa, akamlisha baba yako uji kijiko baada ya kijiko, kwa upole, kama si yeye aliyekuwa akifoka.

Tuliporudi Perth nilijifunza gari. Baba yako alikaa pembeni yangu ameshika mlango kwa mikono miwili, na mara hii alinambia wazi kuwa anaogopa. Naye nikamfundisha kupika, na nikamwambia habari za kusimama kwangu mlangoni jioni. Alishangaa. Alidhani mie sina hofu yoyote. Tulikaa huko miaka mingine, tukazunguka sana, na zile ndizo safari nzuri tulizosafiri, mpaka mama yake huko London akazeeka, ikabidi turudi.

Na sikiliza hili, maana hukulijua. Ulipokuwa unasoma sekondari, baba yako alirudi kutoka kazini jioni moja, hakuvua hata viatu. Alikuja jikoni akanambia, "Zuwena, leo nimetapika damu. Naogopa." Nilizima jiko tukaondoka. Hospitali walisema tumewahi. Ndiyo maana ulipata baba wa kukuona unahitimu chuo, na wa kumkalisha Idi barazani mwetu kumhoji mpaka kijana wa watu akatota jasho. Alipokufa, alikufa akiwa ameshanambia kila kitu. Sina swali lililobaki ambalo nilitaka kumwuliza.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ugenini mtu hana shangazi wa kumtazama usoni akajua, hana mama wa kumgusa kipaji cha uso. Mna macho yenu manne tu. Likikuuma jambo, mwili au moyo, mwambie Idi siku hiyo hiyo, hata kama mna wageni, hata kama ni sikukuu. Na yeye akikwambia hana kitu nawe unaona ana kitu, muulize tena, na umuulize mara ya tatu, hata akikasirika. Lolote analolijua mmoja wenu katika maisha yenu huko, la gari, la nyumba, la daktari, na mwingine alijue. Usipendezwe na mtu anayekwambia "nipo mimi". Huenda asiwepo. Na majirani wakikuuliza unatoka wapi, wajibu vizuri, uwaulize na wao.

Mie nitakuwa na wasiwasi mpaka nikusikie umefika, na baada ya hapo nitakuwa na wasiwasi mwingine. Hiyo ni kazi yangu, niachie mwenyewe. Wewe nenda. Mwenyezi Mungu akufungulieni kila njia mtakayoipita, awape afya na ulimi wa kuambiana kweli, akujaalieni watu wa kusimamisha gari kwa ajili yenu, na nyinyi akufanyeni wa kusimama kwa ajili ya wengine. Mkae mkisikilizana, mzeeke pamoja. Amin, mwanangu, amin.