Njahi Kabla ya Mtoto

Kwetu Ruiru, miaka ile ya hamsini, njahi hazikuwa chakula cha mjamzito. Zilikuwa za mzazi. Mwanamke akishajifungua, ndipo mama mkwe anachemsha yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, anayaponda na ndizi, mzazi anakula apate maziwa na nguvu. Kabla ya hapo, ukikaribia siku zako, unapunguziwa chakula: mayai hapana, nyama hapana, uji mwepesi tu. Mtoto akinenepa tumboni, walisema, atakuua akitoka.

Mimba ya kwanza nilitii. Mtoto alitoka mdogo mno, akafa jioni ile ile, nami nikavuja damu mpaka wakadhani nimekwenda. Njahi zilikuwa zimeshaiva. Mama mkwe aliingia na bakuli, akanikuta nalia, akarudi nalo. Sijui nani alizila.

Mimba ya pili ilinikuta nikichuma kahawa kwenye shamba la mzungu, nasikia kizunguzungu kila nikiinama. Nikaogopa sana. Nikaenda kliniki Thika. Nesi akashusha ngozi ya chini ya jicho langu, akaguna.

"Wewe mama huna damu. Unakula nini?"

"Uji."

"Uji na nini?"

"Uji na uji!" nikamjibu, maana njaa ilikuwa inaniuma na maswali yake pia.

Akatukalisha wote wenye matumbo kwenye mabenchi, akapanga mezani mboga ya terere, ule mchicha wetu, maini, mayai na maharagwe. Akasema miezi ya mwisho ndiyo ya kula, si ya kujinyima. Mwanamke asiye na damu akivuja kidogo tu amekwisha, na mtoto wake anazaliwa hana nguvu. Tukacheka kusikia mayai, maana mayai yetu yalikwenda duka la Muhindi. Yeye hakucheka. "Na zile njahi mnazomwekea mzazi," akauliza, "akifa kabla hajazila, mtampa nani?"

Nilirudi na swali hilo mpaka jikoni kwa mama mkwe.

"Haiya!" akasema. "Nipike njahi na mtoto hajaonekana? Unataka nizipike tena bure?"

Kumbe aliogopa bakuli lile kama nilivyoliogopa mimi. Lakini mdomo wangu haukuwahi kuwa na breki. "Sawa, maitu. Ziweke. Utapikia watu wa matanga."

Akanipita uani, akanipita mtoni, wiki nzima kama hanioni. Jumapili, majirani wakiwa kanisani, nikasikia harufu ya njahi. Akaniwekea bakuli mbele, uso ameugeuza kando.

"Kula. Na usiniambie kitu."

Nikala, machozi yananitoka. Tangu siku hiyo alinipikia njahi na terere, hata mayai alinichemshia mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa ili majirani wasione. Ngozi ya ndani ya macho yangu ikarudi kuwa nyekundu.

Nilizaa msichana, mwenye mashavu na kelele. Damu ilinitoka, ndiyo, lakini safari hii ilikuwepo ya kutoka na ya kubaki. Wanawake wa kijiji wakaja kutuona, wakachungulia sufuria, wakauliza njahi za mzazi ziko wapi.

Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto. Hakuona haya hata kidogo.

"Zimekwisha," akawaambia. "Huyu hapa ndiye aliyezila."