Bulo moja ya pine ku njia ya Baraka

Leo bulo moja, nati ya kushika pine ya gari, ilishinda banaume bane. Mi nikaifungua peke yangu.

Njo hivi. Tulitoka Lubondja na jeep, mi, shofere na banaume batatu, tunapeleka mama moja hospitali ya Baraka. Uchungu wa kuzaa ulishamuanza. Katikati ya njia, pine ikapasuka.

Shofere akafungua babulo ine. Ya tano ikakatala. Banaume bakasukuma kle, spana ya kufungulia bulo, bakairukia na miguu. Bure! Na mama anaugua ndani ya gari.

Mi ninasoma fizike, mwaka wa kwanza. Nikasema: «Nguvu iko ya kutosha. Kle njo iko mufupi.»

Bakacheka. «Mamzeli, hapa si ku iniversite!»

Nikaomba tiyo ya chuma, bomba ndefu, ku nyumba ya karibu. Nikaivalisha ku kle, nikashika mwisho kabisa, nikasukuma. Bulo ikazunguka! Nikaanza kushangilia.

Mama akachungulia ku dirisha. Bwana yake ni mekanisie. «Dada, mbona unakaza?»

Jamani. Nilikuwa nazungusha upande mubaya 🙈

Banaume bakaangua kicheko. Mi sikuachilia tiyo. Nikageuza upande, nikasukuma tena kwa urefu ule ule. Ikalia krak, ikafunguka. Banaume bakabadilisha pine mbio.

Tulifika hospitali kwa wakati. Mutoto amezaliwa, binti, muzima kabisa. Mama akaniambia nimubebe, na mikono yangu nyeusi tii na mafuta ya gari.

Nilinawa mara tatu, kisha nikamubeba.

Na we, masomo yako ilishakusaidia ku barabara? Sema hapa chini.