Nyundo ya Chumba cha Nyuma

Kila asubuhi, kabla hajagusa laptopu ya mtu, Kidoti alifuta trei yake ya mayai. Trei ya karatasi ngumu, na kila kishimo na skrubu zake: ndefu huku, fupi kule, za bawaba peke yake. Kisha alifungua kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Hakuwa mtu wa kujipamba. Ile rangi ilikuwa ya diski: kila diski mbovu aliyoitoa aliitia tone moja pembeni, mteja asije akadai kabadilishiwa. Ndipo jina lilipotoka.

Duka lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mtu wa maneno yaliyopakwa asali. Yeye alikaa mbele na wateja. Chumba cha nyuma kilikuwa na nyundo yake ya kuvunjia diski mbovu.

Siku moja alikuja mkunga mstaafu, laptopu kaifunga kwenye taulo. Ilikuwa inakwama na kulia krr, krr. Kidoti akatoa diski, akahamishia mafaili kwenye mpya, ya zamani akaitia tone.

"Mwanangu," mkunga akamnong'oneza, "humo mna kina mama wote niliowazalisha. Nani alikuja na ugonjwa gani, nani mtoto si wa mumewe. Hiyo ya zamani ivunjwe."

"Itavunjwa, mama. Nakuahidi."

Shemeji akaipokea. "Niachie mimi, mama. Nyundo yangu haina huruma." Akaingia nyuma. Ko! Ko! Ko! Mkunga akashusha pumzi, akaenda zake.

Jioni Kidoti alifagia kule nyuma. Diski ikipondwa, vipande vyake vinavyong'aa hutapakaa hadi uvunguni mwa kabati. Akainama, akamulika. Vumbi na maganda ya karanga, basi.

Tangu hapo akawa mtu wa kusikiliza. Nyundo ikilia, anachukua ufagio. Nyundo inalia, ufagio hauoni kitu. Ila mezani palikuwa na gogo limejaa mabonde ya nyundo, kama limekosana na mtu.

"Shem, mbona unafagia sana siku hizi? Utafagia na riziki yetu."

"Vumbi, shemeji."

Akaendelea kufagia.

Wiki ya tatu akaja mwanachuo, kanuna. "Dada, diski aliyoniwekea bwana wa mbele juzi, alisema mpya. Mbona inajikokota kama mgonjwa?"

Kidoti akaiwasha. Krr, krr. Sauti ile aliijua.

Akafungua, skrubu nane kwenye vishimo vyake. Diski ilivaa stika mpya, lakini ukingoni imevimba. Akaikwangua kwa ukucha. Chini yake, tone jekundu.

Akaiunga kwenye kompyuta yake, akaendesha programu ya kurudisha vilivyofutwa. Jina la mwanamke likatokea, na mbele yake tarehe ya kujifungua. Akaizima kabla la pili halijatokea.

"Shemeji, ya mkunga uliivunja?"

"Si uliisikia nyundo mwenyewe?"

"Nyundo niliisikia."

Akamwekea diski mbele. Shemeji akaitazama, akamtazama mwanachuo, akacheka kwa meno tu. "Shem, nilifuta kila kitu. Tusivuane nguo mbele ya wateja. Dada yako anakula hapahapa."

Kidoti akatoa rafuni diski ambayo nailoni yake haijachanwa, akamwekea mwanachuo, akamhamishia kazi zake za chuo, akarudisha skrubu nane, kila moja mahali pake. Kisha akafunga ya mkunga kwenye kitambaa cha kufutia.

"Hiyo unaipeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe. Aivunje na mimi nikiona."

"Ukitoka nayo, usirudi."

Trei ilikuwa imeshaingia kwapani. Kidoti akauchukua ufagio uliokuwa umelala njiani, akausimamisha vizuri ukutani, akavuka kizingiti. Kesho yake shemeji alifungua duka mwenyewe, na kesho kutwa pia.