Nilifuta code ya mwanafunzi wangu nikidhani ni kosa, kumbe mjinga nilikuwa mimi (kisa cha kioski cha maji, Mtopanga)

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini na mlio kitandani na simu.

Hili halikusimuliwa na jirani. Limenikuta mimi mwenyewe mwaka huu. Majina nimebadilisha ili watu wasisumbuliwe, lakini chumvi sijatia hata punje. Pale nitakapoonekana mjinga, jueni ndivyo nilivyokuwa.

Nimeandika na kufuta mara tatu kwa sababu mpaka sasa kichwa changu hakijatulia.

Mimi ni mtu wa Mikindani, nimezaliwa hapo hapo, mzee wangu alikuwa mfanyakazi wa bandarini. Siku za kazi nafanya IT kwenye ofisi moja Changamwe. Jumamosi nafundisha vijana coding na robotics Mtopanga, kwenye ukumbi wa kanisa tuliopewa bure. Tuna laptop sita za mitumba, moja haina herufi E. Tuna pia boksi la vifaa: waya, vitaa, screen ndogo, motor na bodi za kupangia programu.

Kwaya hufanya mazoezi chumba cha pili, kwa hiyo somo langu lina kinanda nyuma yake kila wiki. Tumezoea.

Vijana ni kumi na wanne. Wengi wamemaliza form four wakakwama nyumbani.

Kabla sijaendelea, mnijue tabia. Nina ugonjwa wa kupenda usafi wa code. Nikiona mistari mirefu isiyo na maelezo, presha inapanda. Mke wangu anasema hata vikombe kabatini navipanga kama askari. Basi shikeni hilo.

Sasa, kulikuwa na msichana ninayemwita Kadzo. Miaka kumi na minane. Mpole mpaka unasahau kama yumo darasani. Ukimuita anaitika "abee mwalimu", anasimama, anasubiri umalize. Lakini mpe waya na bodi halafu uondoke, ukirudi utakuta kitu kinawaka.

Tulipata mdhamini. Akasema kila darasa la aina yetu lipeleke jina moja tu, huyo mmoja atapelekwa mafunzo ya mwaka mzima, malazi na chakula juu yao, na mwisho anatafutiwa kazi.

Jina moja.

Mama yake Kadzo anauza viazi karai na mahamri karibu na kanisa. Akaniita pembeni, akaniambia shangazi yake Kadzo amemtafutia kazi ya nyumba Nyali, na wale watu wanataka jibu. Akauliza kama awakatalie au awakubalie.

Nikamwambia asubiri. Nikamwambia, kwa mdomo wangu huu, kwamba nafasi ile ni ya Kadzo labda litokee jambo la ajabu.

Mama akashukuru, akanifungia viazi kwenye gazeti.

Mdhamini alitaka kila kijana aonyeshe project inayosaidia mtaani kwao. Kelvin, kijana mwingine mzuri sana, akatengeneza taa ya kuku inayojiwasha kukiwa na baridi. Kadzo akachagua foleni ya maji.

Kwa wasiojua, Mtopanga maji hayaji kila siku. Yakija, watu wanapanga mitungi kwenye kioski, mtungi unasimama badala ya mwenyewe, na mwenyewe anaendelea na shughuli zake. Mimi kwetu Mikindani maji yanaingia kwenye tangi la plot. Mara ya mwisho kupanga mtungi nilikuwa sijabaleghe.

Na hapa ndipo kiburi changu kinaanzia. Wiki chache kabla, nilikuwa nimefundisha somo la foleni kwenye programu. Aliyetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka. Nikatoa mfano: "Kama mitungi pale kioski." Darasa likanyamaza. Wawili watatu wakatazamana, mmoja akatabasamu. Nikadhani hawajaelewa, nikarudia tena mfano uleule kwa sauti kubwa zaidi.

Mashine ya Kadzo ilikuwa hivi. Kila nyumba ina kikadi kama vile vya kufungulia milango ya ofisi, kimefungwa kwenye mtungi. Ukifika unakigusisha kwenye boksi, linalia tii, screen inakuonyesha wewe ni wa ngapi. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilijisikia kama baba.

Siku ya maonyesho akaja dada mmoja kutoka kwa mdhamini. Mtu mchangamfu, ana miwani mikubwa. Tukamkalisha mbele.

Nikasema tujaribu mashine. Nikachukua kikadi cha kwanza kilichokuwa mezani, nikagusisha. Screen ikasema mimi ni wa kwanza. Safi.

Kelvin akachukua chake, akagusisha. Screen ikamweka Kelvin wa kwanza, mimi wa pili.

Nikakunja uso. Mgeni naye akachukua kikadi, akagusisha. Yeye akawa wa kwanza, Kelvin wa pili, mimi wa tatu.

Mgeni akacheka, akasema mashine inapenda wageni. Darasa halikucheka. Mimi nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumwambia huyu dada kwamba hapa tunafundisha vitu vya uhakika.

Nikamuuliza, "Kadzo, nani aliyefika kwanza?"

"Ni wewe mwalimu."

"Na mashine inasemaje?"

"Inasema wewe ni wa tatu."

"Sasa hiyo ni sawa?"

Akamtazama mgeni. Akanitazama mimi. Akainamisha kichwa.

"Nimekosea mwalimu."

Basi. Mgeni akaandika kitu kwenye daftari lake, tukaenda kwenye taa ya kuku, ambayo iliwaka bila matatizo.

Wakuu, siku mbili nilizunguka na jambo hili. Sikuelewa. Msichana aliyeweza kuunganisha vitu vyote vile anashindwaje na foleni, somo rahisi kuliko yote? Nikafungua code yake. Ile sehemu ya foleni ilikuwa ndefu mno. Kulikuwa na mafungu matatu ameyaita k1, k2, k3, hakuna maelezo hata mstari mmoja, na kila fungu linahamisha watu mbele au nyuma. Nilihesabu "kama hivi, fanya vile" mpaka nikachoka.

Nikasema huyu amechanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa nilikuwa mimi, yeye alikuwa sawa kabisa, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.

Nikatuma jina la Kelvin.

Kisha nikafanya kitu nilichokiona ni wema. Nikafuta k1, k2 na k3, nikaandika foleni upya kwa mistari kumi na miwili. Mizuri, inapumua. Jumamosi nikamwonyesha Kadzo na darasa zima, nikasema code ikiwa chafu mashine haiwezi kuwa na akili. Akasema, "Ahsante mwalimu."

Tukaipeleka kioski. Mwenye kioski ni mama mmoja, tumwite Mama Riziki, mtu wa maneno machache. Akakubali. Kadzo mwenyewe ndiye aliyefunga vikadi kwenye mitungi, mmoja mmoja, kimya.

Jumamosi iliyofuata nikapita kuona maendeleo. Mashine yangu imefunikwa leso. Juu ya leso kuna sahani ya ndimu.

Foleni inaendelea kama kawaida pembeni yake, mitungi inasogea, hakuna anayegusisha chochote.

Nikapandwa na hasira kidogo, sitawaficha. Nikamsalimia Mama Riziki, shikamoo, marahaba, nikamuuliza kama mashine imeharibika.

"Haijaharibika mwanangu," akasema. "Inasema kweli. Lakini haina adabu."

Nikamwomba anieleze.

Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu aliyetoka mbali. Jumatatu kulikuwa na matanga nyumba ya tatu kutoka hapo. Wafiwa wakaja na mitungi sita. Mashine ikawaweka nyuma ya watu ishirini. Hapa, nyumba yenye matanga haipangi foleni, inateka na kwenda, tangu zamani. Mama aliyejifungua, mpaka atimize arobaini, mtungi wake unapita mbele. Na watu wa mikokoteni, wale wanaoteka kwenda kuuza, hata wakifika alfajiri wanazipisha nyumba kwanza, wao wanafuata.

"Sasa mashine inaniambia niwatekee wa mkokoteni, na wafiwa wamesimama," akasema. "Nani angeweza kuwatazama usoni?"

Halafu akasema lile lililonimaliza. Akasema yule binti alikaa pale na daftari wiki mbili, akimuuliza kila kitu, nani anampisha nani na kwa nini. Akasema, "Mimi nilidhani mmeyaweka yote."

Wakuu, nilitembea mpaka ukumbini, nikafungua nakala ya zamani ya code ya Kadzo. K1 ni matanga. K2 ni mzazi, yaani mama aliyejifungua. K3 ni mkokoteni. K ilikuwa kanuni.

Nikajaribu kila kikadi, maana kila kimoja alikuwa amekisajili kwa kundi lake. Hakuna kosa hata moja. Siku ile ya maonyesho mimi nilikuwa nimeokota kikadi cha mkokoteni, Kelvin cha nyumba ya kawaida, na mgeni wetu cha matanga. Mashine ilitupanga sawasawa kama Mama Riziki angetupanga.

Nikampigia mdhamini simu. Nikaeleza yote, hata aibu yangu. Yule dada akanisikiliza vizuri, akasikitika kwa kweli, lakini akasema ni jina moja kwa darasa na mafunzo yameshaanza. Na Kelvin amefanya kosa gani hata nimvute kutoka huko? Taa yake inawaka. Alikuwa na furaha mpaka alinitumia picha ya kitanda chake.

Nikaenda kwa kina Kadzo. Mama alikuwa anamenya viazi, akaniwekea kiti. Kadzo alikuwa anafunga nguo kwenye begi. Wale watu wa Nyali walikuwa wamekubaliwa, anaondoka kesho yake.

Nikamwambia nimejua. Nikamuomba msamaha mbele ya mama yake. Kisha nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua: kwa nini alisema amekosea, wakati hakukosea?

Akaendelea kukunja nguo. Mama akamwambia, "Mjibu mwalimu wako."

"Mwalimu, ulikuwa na mgeni," akasema. "Ningesema hujui foleni ya maji, angekuonaje?"

Nikamuuliza na baadaye je, tulipokuwa wenyewe darasani?

"Ulishafuta. Nikaona umeamua."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Mama yake akasema si neno mwalimu, yaliyopita yamepita, kazi ni kazi. Akanifungia viazi tena. Nilivipokea kwa sababu sikujua namna ya kuvikataa.

Basi ndiyo hivyo. Nimeirudisha code yake kama ilivyokuwa, k1, k2, k3, sijagusa hata nukta. Mama Riziki ameondoa leso. Juzi nilisimama pale nikaona mzazi mmoja anagusisha, mtungi wake unapita mbele, na mtu wa mkokoteni anasogea bila kuambiwa.

Kadzo hajaiona ikifanya kazi. Anafanya usafi kwenye nyumba ya watu Nyali, na siku ya mapumziko anayopewa ni Jumatano.

Nilichojifunza, kama nimejifunza: mwanafunzi mwenye adabu anaweza kukubeba mbele za watu, na wewe ukadhani unatembea kwa miguu yako. Mashine ikifanya kitu nisichokielewa, sasa namuita aliyeitengeneza, tunakaa wawili, hakuna mgeni, namwambia anifundishe. Nimechelewa, najua.

Lakini bado sielewi mambo mengi. Tunawafundisha vijana wajiamini, waulize, wabishe. Nyumbani wamefundishwa wasimwaibishe mkubwa. Yeye alifuata la nyumbani, akanistiri, na kwa stara hiyohiyo mimi nikampa mwingine nafasi yake. Sasa nani alikosea wapi? Nikiwaambia wanibishie, si nawaambia waache kitu kizuri walicho nacho? Na nisipowaambia, nitamfutia nani mwingine?

Nimeomba ukumbi siku ya Jumatano. Sina uhakika kama atakuja, na sina nafasi yoyote ya kumpa akija.

Walimu mliomo humu, wazazi, na nyinyi mliowahi kusema "nimekosea" ili kumsitiri mkubwa, niambieni. Hata mkitaka kunisema, semeni. Safari hii nasikiliza.