Tuliipenda Sana Pikapu Yake

Aliyenipigia simu kunipa habari za msiba alilia vizuri kwa kama dakika moja. Ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kawangware 56, mtu mzima, na kilio chake sikitilii shaka hata kidogo. Alisema rafiki yetu ametuacha, presha imemchukua asubuhi akiwa anafunga viatu aende kazini, na mama watoto hajielewi. Kisha akapenga kamasi, akauliza, "Lakini pikapu iko salama?" Nikamwambia kwamba kwa ninavyojua pikapu haikuwa na presha. "Asante Mungu," akasema, na naapa alimaanisha.

Mnaonisoma kila wiki mnajua sina desturi ya kuanika majina ya watu hapa, na marehemu hangetaka la kwake lianikwe. Hata hivyo jina lake wengi hawakulijua. Ukifika nyuma ya steji ukauliza "yule wa pikapu," hata mtoto wa nasari angekuonyesha ploti. Alitoka Magharibi akiwa kijana, akapanga vyumba viwili, akaoa, akanunua pikapu nyeupe ya mkono wa pili yenye nafasi ya watu watatu mbele na karia ya kutosha mizigo ya ulimwengu mzima nyuma. Tangu nimfahamu, pikapu ile haikuwahi kuvutwa na gari jingine. Ilibeba simiti, mbao, kuku, spika na ngoma za kwaya, vitanda vya waliooana juzi na majeneza ya waliokufa jana. Mwisho wa mwezi, Nairobi nzima inapohama kutafuta ploti yenye maji na mwenye nyumba asiye na kelele, ungedhani pikapu ni moja tu katika jiji hili. Sisi marafiki tulilipa mafuta tu. Urafiki ni kitu kizuri sana ukiwa upande wa kubebewa.

Mimi mwenyewe alinihamisha mara tatu. Ya kwanza ilikuwa kutoka Mashimoni, kule Kibera, ambako pikapu haipiti kwa sababu hata watu wawili walioshiba hawapishani. Akaegesha barabarani, akaja kwa miguu kuangalia mzigo. Kochi langu lilikuwa limeundiwa ndani ya nyumba na fundi hodari ambaye hakujisumbua kupima mlango. Marehemu alilitazama, akautazama mlango, akauliza taratibu, "Kati ya hivi viwili, gani ilikuja kwanza?" Hakungoja jibu. Akaomba ruhusa kwa mama mwenye nyumba, akang'oa bati moja la ukutani, tukalipitisha kochi hapo, kisha akaligongomea bati lake vizuri kuliko lilivyokuwa, hadi mama yule akamwomba agongomee na mengine. Akayagongomea. Kule barabarani alifunga mzigo kwa vipande vya tyubu kuukuu, kazi ambayo hakumruhusu mtu mwingine aiguse, akaupiga kofi moja na kusema, "Hii hata Busia inafika." Ilikuwa inafika Kawangware tu, lakini nilijisikia mtu wa maana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha. Marehemu ana binti ambaye tangu azaliwe miguu yake haijakubali kusimama. Anatumia kiti cha magurudumu, yuko kidato cha pili, ana kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mara mbili kwa wiki anatakiwa hospitalini kwa mazoezi ya viungo, na akiyakosa misuli inakaza na maumivu yanamrudia. Kiti cha mbele cha pikapu kiko juu, kwa hiyo baba yake alikuwa anainama, binti anamkumbatia shingo, na baba anahesabu: "Moja, mbili, haya mama!" Wapitanjia walizoea kusimama kuangalia, wakisema huyu baba ni baba kweli. Binti alipokuwa na miaka sita ilikuwa picha ya kupendeza. Alipofika miaka kumi na mitatu, baba alikuwa anashusha pumzi mlangoni kwanza kabla ya kuzunguka kwenda kwenye usukani. Mama yake alijaribu kumpandisha siku moja, wakaanguka wote wawili getini, na mgongo wa yule mama haujawa sawa tangu siku hiyo. Basi hesabu ikawa rahisi: baba akiwepo, binti anaenda hospitali, baba akiwa kazini, haendi. Na baba alikuwa kazini kila wakati, nusu ya kazi hizo zikiwa zetu.

Miaka mitatu iliyopita alituita kwenye kibanda cha chapati nyuma ya steji. Tulikuwa watatu: mwenye duka la vifaa, mwenyekiti wa kwaya, na mimi mwenye kalamu. Akatoa simu akatuonyesha picha ya kigari fulani, ki-van kidogo cha mkono wa pili, sakafu yake chini, mlango wa ubavuni wa kusukuma, viti vya familia nzima. Angekipata kama angeuza pikapu. Viwili kwa pamoja hangeweza. Mizigo angebeba midogo midogo. "Nataka mnishauri," akasema. Kosa lake, Mungu amlaze pema, lilikuwa hilo. Ni kama mtu awaulize kunguni ikiwa abadilishe godoro.

Tulishauri kwa moyo wote. Mwenye duka, ambaye simiti yake ilikuwa imepangwa kubebwa wiki nzima, alisema, "Hizo vitu spea zake utatoa wapi, kwa ndoto? Wewe kaa na chuma yako." Mwenyekiti wa kwaya, ambaye spika zake zilikuwa na mwaliko Jumapili, alifumba macho kabisa na kusema, "Ndugu, hiyo si gari. Hiyo ni huduma." Mimi nilikuwa nahama mwezi uliofuata. Nikakohoa, nikatoa busara yangu: chombo kisichokusumbua, usikisumbue. Wenzangu wakatikisa vichwa, ala, mwandishi ni mwandishi! Marehemu akaitazama ile picha tena. "Na msichana?" akauliza. Mwenye duka akampiga bega, "Si wewe uko? Mikono kama hiyo unaipeleka wapi?" Tukacheka, tukaagiza chapo na madondo, yale maharagwe ya mchuzi mzito. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, na kwa kweli neno la pikapu halikuharibika. Aliirudisha simu mfukoni.

Sikuishia hapo. Wasomaji wangu wa zamani watakumbuka nilimwandika kwenye safu hii hii, bila jina, kama mfano wa Mkenya anayetosheka: mtu mwenye gari kuukuu linalofanya kazi, asiyehangaishwa na tamaa ya vitu vipya kama vijana wa siku hizi. Mlinisifu sana. Mmoja wenu aliandika kwamba alilia. Marehemu aliikata makala ile, akaichomeka kwenye kile kibao cha kuzuia jua mbele ya dereva, na kila aliposhusha kibao akawa anajisoma alivyotosheka. Nilijivuna, jamani. Kumbe nilikuwa nimemfungia mlango kwa nje.

Siku ya kuhama kwangu kwa tatu alikuja mapema, akafunga mzigo, akaenda kuzungusha pikapu. Mkewe alikuwa amemfuata, amesimama getini kwangu. Akaniambia, bila kupandisha sauti, "Shemeji, leo ilikuwa siku ya hospitali."

"Woi, pole sana, shem. Si ungeniambia?"

"Si nimekuambia sasa."

Hapo mtu mwenye haya angesema, basi teremsheni vitu, mpelekeni mtoto kwanza. Mimi nilimwomba mumewe aangalie kabati langu la vioo lisigongwe. Kabati lilifika salama, na bado ninalo.

Tulimzika kwao, pikapu ikienda na masufuria na viti, ikiendeshwa na mtu wa kukodiwa. Haikusumbua hata kidogo. Tuliporudi Nairobi, sisi washauri tukaona ni vyema tumtembelee mjane tumsaidie kufikiri, maana inajulikana mwanamke akifiwa na mume anahitaji wanaume watatu wa kufikiri kwa niaba yake. Mwenyekiti wa kwaya aliomba, kisha akatoa pendekezo ambalo ni wazi tulikuwa tumelijadili njiani: pikapu isiguswe. Iandikiwe dereva, iendelee kuhudumia watu, iwe kumbukumbu ya marehemu. "Hii pikapu ndio yeye," akasema, na machozi yakamlengalenga. Mwenye duka akaongeza kwamba pikapu kama ile siku hizi haitengenezwi, injini yake ni ya kuzikana. Binti alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, daftari mapajani, akituangalia mmoja mmoja.

"Nauza," mjane akasema.

"Shemeji, usiamue na uchungu," nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya magazetini.

"Uchungu nilikuwa nao kitambo. Nauza. Na vile mnaipenda, naona nianze na nyinyi. Nani ananunua?"

Wueh! Sijawahi kuona gari likizeeka kwa kasi ile. Mwenye duka alikumbuka kwamba karia imeanza kuoza pembeni. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa amesikia mlio fulani kwenye gia, na mlio ule haukumpendeza. Wakanigeukia mimi, nikasema mambo ya ununuzi yanahitaji kuombewa. Injini ya kuzikana ikawa injini iliyochoka. Ile pikapu ambayo ndiyo marehemu mwenyewe, hakuna aliyetaka kukaa naye. Binti akafunga daftari lake, akacheka kwa sauti, na mama yake hakumkanya.

Aliyeinunua ni mama mmoja muuza viazi kutoka Soweto East, kule kule Kibera. Hakutoa hotuba. Alifungua boneti, akasikiliza, akaizungusha mtaa mmoja, akarudi wakaelewana. Kisha mjane akatoa kwenye droo leseni ya kuendesha gari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua anayo. Aliichukua mwaka ule ule mumewe alipotuonyesha picha kibandani. Alikuwa amejiandaa, masikini, huku sisi tukimalizia madondo.

Jumamosi iliyopita nilienda kuwaona. Nitasema ukweli, nilienda kuosha uso. Kigari alichonunua mjane, mfano wa kile cha kwenye picha, kilikuwa getini, cha rangi ya majivu, kimekwaruzwa ubavuni, chini chini vile. Ilikuwa siku ya mazoezi. Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati, nikajiweka tayari kumpandisha binti, maana baba yake hayupo na ni lazima mtu awe mwanamume hapo.

"Anko, ngoja," akasema.

Akasogeza kiti chake hadi kwenye mlango ulio wazi, akakifunga breki. Akatoa kibao laini kilichokuwa ubavuni mwa kiti, akakiweka kama daraja kati yake na kiti cha gari. Akashika mahali pa kushika, akajisukuma kidogo kidogo, uso umekunjamana, akavuka. Akainua mguu mmoja kwa mikono, kisha wa pili. Akavuta mkanda, ukalia tap. Hakuna aliyehesabu moja mbili. Mama yake alikunja kiti cha magurudumu akakiweka nyuma, kisha akaenda kwenye usukani.

"Nani alikufunza hivyo?" nikauliza, mikono yangu ikiwa bado hewani.

"Hospitali walinionyesha kitambo. Nikiwa class seven. Lakini kwa pikapu singefika huko juu." Akarekebisha mkanda. "Nilimwambia Baba ningeweza. Akasema mlimshauri."

Wakaondoka. Nilibaki pale getini na koti langu, nikalia, na sikulia kwa dakika moja tu.

Sijui kama presha huja kwa kuinua. Daktari hakusema hivyo, na mimi si daktari. Uongo wangu wa mwisho kuhusu mtu huyu nilishauandika. Makala ile niliyomsifu kwa kutosheka naifuta leo mbele yenu. Hakuwa ametosheka. Alikuwa mpole, na wapole wakizungukwa na watu wenye shida nyingi huonekana wametosheka. Alitaka kitu kimoja, binti yake apande gari, na alitaka aambiwe si vibaya kukitaka. Sentensi moja kutoka kwetu ingetosha, nasi tulikuwa na sentensi nyingi.

Tangu Jumamosi nimejiwekea sharti. Mtu akiniuliza kama auze kitu chake au abaki nacho, kwanza namwambia nitapoteza nini mimi akikiuza. Halafu namwambia arudi nyumbani, amuulize yule ambaye kitu hicho hakimtoshi, na atakachoambiwa huko akifanye upesi.